Mgeni aliyekuja na viatu vyake

Ikiwa wewe ni shabiki wa kandanda wa tangu jadi, bila shaka umewahi kulisikia jina la Stanley Matthews, winga wa Uingereza aliyewahangaisha mabeki hadi alipotimiza umri wa miaka 50.

Mwaka wa 1956 ndiye aliyekuwa mchezaji wa kwanza kabisa kutuzwa Ballon d'Or. Mwaka uliofuata, Ghana ikiwa ndiyo kwanza imejinyakulia uhuru, alifunga safari hadi Accra akaichezea klabu ya Hearts of Oak kama mgeni. Alikuwa na miaka 42, lakini hakwenda kupunga mkono jukwaani. Alivaa jezi akasakata gozi bega kwa bega na wenyeji.

Hakuishia hapo. Enzi za ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, aliwafunza vijana weusi wa Soweto, na mwaka wa 1975 akaipeleka timu yao Brazil.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi nyota wa ng'ambo atakapotua tena kwetu, jiulize swali moja tu: akiondoka, atawaachia nini vijana wetu wanaocheza pekupeku?