Matairi ya Gari na Usalama wa Msafiri: Shinikizo Hupimwa, Halikisiwi

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua takribani watu milioni 1.19 kila mwaka ulimwenguni, nazo ndizo sababu kuu ya vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Kwetu sisi tunaotibu majeruhi, takwimu hizo huja zikiwa na sura ya paja lililovunjika, uti wa mgongo uliojeruhiwa au fuvu lililopasuka. Vyanzo vya ajali ni vingi: mwendo kasi, ulevi, uchovu, ubovu wa barabara. Makala haya yanazungumzia chanzo kimoja ambacho mwenye gari anaweza kukidhibiti kwa dakika chache na kwa gharama ndogo, nacho ni hali ya magurudumu na matairi.

Kwa nini tairi hupasuka

Gari lote, pamoja na abiria na mizigo yake, hugusa barabara katika sehemu nne tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Breki na usukani hufanya kazi kupitia sehemu hizo. Kinachobeba uzito wa gari hasa si mpira, bali ni upepo ulioshindiliwa ndani yake. Upepo ukipungua, kuta za pembeni za tairi hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na mkunjo huo huzaa joto. Katika safari ndefu ya mchana, tuseme kati ya Morogoro na Dodoma, gari likiwa limejaa na mwendo ukiwa mkubwa, joto hilo hudhoofisha mshikamano wa matabaka ya mpira na nyuzi za ndani. Mwisho wake tairi huchanika au kupasuka.

Wengi hudhani kwamba tairi hupasuka kwa kujazwa upepo kupita kiasi. Kuzidisha upepo kuna madhara yake: tairi huliwa katikati, hushika barabara kwa eneo dogo, na huumia kwa urahisi likiingia kwenye shimo. Hata hivyo, hatari iliyo kubwa zaidi katika safari ndefu ni upungufu wa upepo.

Upungufu huo unafanana na shinikizo la juu la damu kwa jambo moja: hauonyeshi dalili mapema. Tairi la kisasa linaweza kupoteza robo ya upepo wake na bado likaonekana zima. Kulitazama hakutoshi, na kulipiga teke hakuna maana. Kama ilivyo kwa mgonjwa, njia ya kujua ni kupima.

Jinsi ya kupima upepo

Pima walau mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila safari ndefu. Pima tairi likiwa limepoa, yaani gari likiwa limesimama kwa muda wa saa 3 au zaidi. Tairi lililotoka safarini huwa na shinikizo kubwa zaidi kwa sababu ya joto. Ukilipunguza upepo wakati huo, litakapopoa litakuwa na upepo pungufu.

Kiwango sahihi hakitokani na mazoea ya fundi. Kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Magari mengi yaliyoingizwa nchini kutoka Japani yana kibandiko cha Kijapani, lakini tarakimu zake husomeka. Vipimo vyake huwa katika kilopaskali, nasi hutumia zaidi PSI. Gawanya kilopaskali kwa 6.9: 220 ni takribani PSI 32, na 240 ni takribani PSI 35. Baadhi ya magari huhitaji upepo zaidi katika matairi ya nyuma yanapobeba mzigo, kibandiko hueleza. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi lenyewe ni kikomo cha juu cha tairi hilo, wala si kiwango cha gari lako.

Kulichunguza tairi

Kwanza, tazama kashata, yaani meno ya tairi. Mifereji iliyo kati ya meno huondoa maji. Ikiisha, gari huteleza juu ya maji na usukani haushiki. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo: meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6, ambacho ndicho kikomo cha kisheria katika nchi za Umoja wa Ulaya. Kwa msimu wa mvua ni busara kubadilisha mapema zaidi, yakifika milimita 3.

Pili, tazama namna tairi linavyoliwa. Likiliwa kingo zote mbili, upepo umekuwa pungufu. Likiliwa upande mmoja, uelekeo wa magurudumu upimwe gereji.

Tatu, tafuta uvimbe ubavuni. Uvimbe huo unafanana na mshipa mkuu wa damu uliotuna kwa sababu ukuta wake umedhoofika: nyuzi za ndani zimekatika, na kinachozuia upepo ni mpira peke yake. Tairi la namna hiyo halitibiki. Liondolewe siku hiyo hiyo.

Nne, soma umri wake. Katika ubavu wa tairi kuna herufi DOT na namba zinazoishia na tarakimu nne. Tarakimu 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotumika, na watengenezaji wengi hushauri tairi lisizidi miaka 10. Anayenunua matairi ya mtumba asome tarakimu hizo kabla ya kutazama kashata. Tairi la akiba nalo lichunguzwe, kwani huzeeka likiwa limesahauliwa.

Baada ya kufunga gurudumu, nati zikazwe kwa mtindo wa msalaba, si kwa kuzunguka mduara, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Gari la wagonjwa

Wahudumu wa afya wana wajibu wa ziada. Gari la wagonjwa husafiri kwa haraka, likiwa na uzito mkubwa, mara nyingi usiku. Magari marefu ya aina ya Land Cruiser au Hiace hupinduka kwa urahisi kuliko magari madogo tairi linapopasuka na dereva akakata usukani ghafla. Mgonjwa asiyefungwa mikanda ya machela, na muuguzi aliyeinama juu yake bila mkanda, hurushwa wote wawili.

Daftari la gari mara nyingi lina safu ya mafuta na ya kilomita. Iongezwe safu ya upepo wa kila tairi, pamoja na la akiba, ijazwe mwanzoni mwa zamu kama tunavyokagua mtungi wa oksijeni. Mama mwenye uchungu pingamizi anayepewa rufaa hawezi kungoja kando ya barabara huku wahudumu wakitafuta jeki.

Tairi likipasuka njiani

Shika usukani kwa mikono miwili na ulinyooshe gari. Usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu taratibu kwenye kanyagio la mafuta, acha mwendo upungue, kisha toka kabisa nje ya lami. Washa taa za tahadhari, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, na uwaweke abiria mbali na barabara. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Hatua hizi ni za kunusuru maisha hatari ikishatokea. Hatua ya kwanza hufanyika nyumbani asubuhi kabla ya kuwasha gari, tairi likiwa baridi na kipimo kikiwa mkononi.