Mbuzi Zikitupa Mimba Baada ya Mvua



Hapa Doldol tunaomba mvua kuliko kitu kingine chochote. Ikinyesha, silanga zinajaa, nyasi inarudi, na maziwa yanaonekana tena nyumbani. Lakini iko mvua inayopita kipimo, ile ya wiki nyingi bila kukatika, na nyuma yake huja mbu wengi. Baada ya mvua kama hiyo mwenye boma anaweza kuamka akute kondoo watano wametupa mimba usiku mmoja, kesho yake wengine kumi, na vitoto vilivyozaliwa juzi vinakufa kimoja baada ya kingine. Siku hiyo tunatakiwa tujue la kufanya, maanake ugonjwa huo huua watu pia.

Ni ugonjwa gani?

Unaitwa Homa ya Bonde la Ufa. Ulitambuliwa kwanza hapa hapa Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, kondoo walipokufa kwa wingi miaka ya 1930 na 1931. Unaletwa na virusi, kwa hiyo zile sindano tunazonunua dukani haziuponyi. Mbu humwuma mnyama mgonjwa, kisha akamwuma mzima, na ugonjwa unaendelea hivyo.

Mtu atauliza: mbona unapotea miaka mingi halafu unarudi? Iko aina ya mbu ambayo hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayotuama maji. Mayai hayo hukaa makavu miaka na miaka, mengine yakiwa na virusi ndani. Mafuriko yakifika, yanaanguliwa. Ndiyo sababu ulilipuka baada ya mvua za El Nino mwaka 1997 na 1998, hasa Garissa na nchi jirani ya Somalia. Ukarudi mwishoni mwa 2006, ukaanzia Garissa na kufika mpaka kwa jirani zetu wa Baringo. Kabla haujaisha mwaka 2007, watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa Kenya. Mwaka 2018 ulitokea tena, mara hii Wajir.

Je, ni nyati wanaotuletea?

Swali hili huulizwa sana kwetu, kwa vile mifugo na wanyama wa pori wanakunywa maji pamoja. Ni kweli wataalamu walipima damu ya wanyama wa pori wa Kenya wakati ambapo hakukuwa na mlipuko, wakakuta nyati na wengine kadhaa wamewahi kuambukizwa. Lakini mbu huwauma wao kama anavyouma ng'ombe zetu. Kumfukuza nyati hakutaondoa mayai yaliyoko kwenye udongo. Ila mnyama wa pori aliyekutwa amekufa asiguswe wala asichunwe.

Dalili

Kwa mifugo, dalili kubwa ni mimba nyingi kutupwa kwa wakati mmoja, na vifo vya wana-kondoo, wana-mbuzi na ndama. Ng'ombe wakubwa hufa wachache. Siyo kila mimba inayotupwa ni ugonjwa huu. Ni kipimo cha maabara tu kinachoweza kuhakikisha. Pia tusiuchanganye na ule unaotoa ng'ombe vinundu mwili mzima. Huo nao huenezwa na wadudu wanaouma, lakini hauambukizi watu.

Kwa mtu, huanza kwa homa, kichwa, mgongo na viungo kuuma, kama malaria. Wengi hupona. Wachache huharibika macho, huchanganyikiwa, au hutokwa na damu, na hao wanaweza kufa. Ukiwa na homa baada ya kushika mnyama mgonjwa, nenda hospitali mapema na umwambie daktari habari za mifugo. Usipomwambia atatibu malaria peke yake.

Hatari iko wapi?

Mbu anaweza kumwambukiza mtu, lakini watu wengi huupata kwa damu na maji maji ya mnyama mgonjwa. Akina mama na vijana wanaosaidia mnyama kuzaa, na wanaume wanaochinja, ndio wako hatarini zaidi. Mtu husema, "Nyama tutaichemsha sana." Ni kweli moto huua virusi, lakini aliyeshika kisu ameshaguswa na damu kabla sufuria haijawekwa motoni. Kwa hiyo:

1. Usichinje wala kuchuna mnyama mgonjwa au aliyekufa.
2. Mimba iliyotupwa usiishike kwa mikono mitupu. Tumia glavu, au mfuko wa plastiki usiopasuka. Izike shimo refu, mbwa wasifukue.
3. Chemsha maziwa. Damu mbichi, hata ile ya mila zetu, iachwe kabisa wakati huo. Wazee wakilisema hili litasikika kuliko nikilisema mimi.
4. Lala ndani ya neti, na watoto pia.

"Lakini watafunga soko!"

Najua. Karantini ikiwekwa, soko linafungwa, na karo ya shule inatoka kwa mbuzi. Ndiyo sababu wengine huficha, au huuza haraka kabla habari hazijatoka. Lakini anayeuza mnyama mgonjwa amepeleka ugonjwa kwa boma la mwingine, na kwa kijana wa kichinjio ambaye hajui kitu. Ukificha, ugonjwa utaenea na soko litafungwa tu, tena kwa muda mrefu zaidi. Afadhali ofisi ya mifugo ijue siku ya kwanza.

Kikundi kinaweza nini?

Chanjo ya mifugo iko, na inatengenezwa hapa Kenya. Hutolewa kabla ya mvua kubwa. Ugonjwa ukishaingia, sindano inayotoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine yaweza kuueneza. Ziko chanjo ambazo huweza kuangusha mimba, kwa hiyo daktari wa mifugo ndiye wa kuamua. Chupa moja hutosha wanyama wengi na ikifunguliwa haiwekwi mpaka kesho. Mtu mmoja mwenye mbuzi sita haimfai. Boma kumi zikikutana siku moja, inawezekana.

Jadilini haya mkutano ujao:

- Nani atampigia simu daktari wa mifugo, na namba yake anayo nani?
- Glavu na jembe la kuzikia vitakaa kwa nani?
- Mwenzetu akizika kondoo badala ya kumla, tutamsaidiaje kutoka kwa mfuko wa kikundi?

Hilo la tatu ndilo gumu. Mama mwenye watoto wanaolia njaa hatazika nyama kwa sababu tu tumemwambia. Akijua kikundi kitamletea debe la mahindi jioni, atazika.