Je, Wajua? Chanjo ya homa ya ini B huzuia saratani

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ndiyo ya kwanza duniani kuwakinga watu na saratani. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na miaka iliyofuata saratani ya ini kwa watoto ikapungua sana. Ajabu ni umri: watoto wachanga 9 kati ya 10 wanaoambukizwa hubaki na virusi vya homa hiyo kwa muda mrefu, hali inayoweza kuleta saratani ya ini, ilhali watu wazima hawafiki asilimia 5. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linahimiza dozi ya kwanza ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Lakini sindano ya pentavalenti, yenye chanjo hiyo na inayotumika Kenya na Tanzania, huanza wiki ya 6. Kwa mtoto wa mama mwenye virusi, huko ni kuchelewa mno.