Kubashiri Mwendo wa Batobato ya Muhogo

Batobato si ugonjwa mgeni kwetu. Mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Warburg aliueleza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania: majani ya muhogo hupata mabaka ya manjano, hujikunja, na mti hudumaa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 ilizuka kaskazini ya Kampala, Uganda, batobato kali iliyowafanya wakulima wengi waache kabisa kupanda zao hilo. Mwaka 1997 wanasayansi walionyesha kwamba virusi vya aina mbili vilikuwa vimeunganisha sehemu za urithi wao.

Ugonjwa huo ulisonga kusini kama moto wa nyika, kiasi cha kilometa 20 hadi 30 kwa mwaka, na mwaka 1999 uliripotiwa mkoani Kagera. Kwa kasi hiyo, kijiji kilichoko kilometa 60 mbele ya ugonjwa kina miaka miwili au mitatu ya kuzidisha mbegu za aina zinazoustahimili. Huo ni muda mfupi, kwani muhogo huzidishwa kwa vipande vya shina, navyo huzaana polepole.

Ndani ya shamba hesabu ni ngumu zaidi. Tuseme miti 10 kati ya 1,000 imeugua, na kila mti mgonjwa huambukiza mmoja kwa mwezi kupitia nzi weupe. Tutapata 20, kisha 40, kisha 80, mithili ya riba juu ya riba. Mfano huo wa riba aliutumia Vanderplank katika kitabu chake cha mwaka 1963. Hata hivyo, nusu ya shamba ikishaugua, nusu ya nzi hutua juu ya miti iliyokwisha kuugua, na kasi hupungua. Mwanafunzi akichora grafu ataona mstari uliopinda kama herufi S. Na tukumbuke kuwa dalili huchukua wiki tatu hadi tano kuonekana. Anayehesabu leo anahesabu maambukizo ya mwezi uliopita.

Uchunguzi uliofanywa Côte d'Ivoire ulionyesha kwamba kingo za shamba zinazoelekea upepo ndizo huugua zaidi. Upepo, basi, waweza kuingizwa katika hesabu. Lori lililobeba vipande vya muhogo kutoka wilaya moja hadi nyingine haliingiziki kwa urahisi, nalo huruka kilometa mia kwa siku moja.

Kwa bahati njema, mti wenyewe hueleza ulivyoambukizwa. Uliotokana na kipande kigonjwa huonyesha mabaka tangu majani ya kwanza, yaani ya chini. Ulioambukizwa na nzi huwa na majani safi chini na mabaka juu. Darasa lenye daftari na shamba la jirani laweza kuhesabu aina hizo mbili kila mwezi: wa pili wakianza kuwa wengi ghafla, virusi vinaingia shambani kwa mabawa.