Kompyuta Inapoganda Katikati ya Gemu: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kifaa

Kuganda kwa kompyuta ya mezani wakati wa gemu ni hali ambayo picha husimama kwenye kioo, kipanya hukataa kusogea, na sauti hukatika au hubaki ikirudia mlio mmoja, ilhali mashine hiyohiyo huandika barua, huchapa picha za pasipoti na kuonyesha filamu mchana kutwa bila matatizo. Katika Buseresere, mji wa Wilaya ya Chato mkoani Geita ulioshikana na Katoro kiasi kwamba mgeni hatambui mpaka wa wilaya, hali hii huwakuta wenye vibanda vya gemu, wenye steshenari na vijana majumbani, na mara nyingi dawa ya kwanza wanayopewa ni kupiga Windows upya, yaani kuisakinisha tena, na ya pili ni kununua kifaa kipya. Dawa zote mbili hutangulia uchunguzi, ilhali uchunguzi ndio unaopaswa kutangulia. Katika mji wa machimbo ya dhahabu wenye vumbi na umeme unaoyumba, ni busara uchunguzi uanzie kwenye hewa na umeme kabla ya kugusa programu au mfuko wa mwenye mali.

Ili kuelewa kwa nini gemu huibua tatizo lililojificha, ni lazima kwanza kutazama kazi inayofanyika ndani ya kasha. Prosesa, yaani kijenzi kinachofanya hesabu kuu za mashine, hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake mtu anapoandika barua. Kadi ya michoro, yaani kijenzi kinachounda picha za kwenye kioo, nayo huwa karibu imepumzika. Gemu huviamsha vyote kwa pamoja: prosesa hukokotoa mienendo ya wachezaji, kadi huchora makumi ya picha kwa kila sekunde, RAM, ambayo ni kumbukumbu ya muda ya mashine, hujazwa hadi pomoni, na pawa saplai, kifaa kinachobadilisha umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3, hudaiwa nguvu isiyodaiwa wakati mwingine wowote. Kijenzi kilichochoka, ambacho kingeweza kuhudumu miaka kadhaa zaidi kwenye kazi nyepesi, hushindwa hapo, na ndiyo maana kuganda kwenye gemu kunafaa kuchukuliwa kama onyo la mapema kuhusu afya ya mashine nzima.

Hatua ya kwanza haigharimu chochote, nayo ni kuangalia kuganda kwenyewe ni kwa namna gani, kwa sababu kila namna huelekeza mahali pake. Ikiwa picha husimama kwa sekunde chache kisha gemu likaendelea, dalili hiyo huelekeza kwenye diski au upungufu wa RAM. Ikiwa picha imesimama lakini taa ya Caps Lock kwenye kibodi bado huwaka na kuzima kitufe chake kinapobonyezwa, mashine ingali hai, na lawama huenda kwa gemu lenyewe au kwa draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo wa Windows kuzungumza na kadi ya michoro. Hapo kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B huianzisha draiva hiyo upya katika Windows 10 na 11, na wakati mwingine picha hurudi. Ikiwa taa haibadiliki na mashine haisikii chochote hadi izimwe kwa kitufe chake, au ikijizima na kujiwasha yenyewe, basi joto, umeme na RAM ndivyo vinavyostahili kushukiwa kwanza. Windows huweka kumbukumbu za matukio hayo katika programu iitwayo Event Viewer, na wengi huona humo maandishi ya Kernel-Power 41 wakadhani wamepata ugonjwa. Maandishi hayo husema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu, wala hayataji sababu.

Joto ndilo la kuchunguzwa kwanza, kwa kuwa mazingira ya ukanda wa dhahabu yanalichochea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni vumbi. Barabara za mitaa ambazo hazina lami hutimua udongo mwekundu miezi yote ya kiangazi, na mahali ambapo makarasha husaga mawe ya dhahabu, unga laini wa mwamba huongezeka hewani. Vumbi hilo huvutwa na feni za kompyuta na kujazana kwenye hitisinki, yaani bamba la alumini au shaba lenye mapezi mengi ambalo hunyonya joto kutoka kwenye prosesa. Mapezi yakishaziba, feni huendelea kuvuma kwa nguvu lakini hewa haipiti. Njia ya pili haionekani kwa macho: uso wa Ziwa Viktoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Buseresere, ambayo iko kwenye miinuko inayotiririsha maji kuelekea ziwani, iko juu zaidi ya hapo. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 10 kuliko hewa ya Dar es Salaam au Tanga, kwa hiyo feni ileile, ikizunguka kwa kasi ileile, hubeba joto pungufu. Chumba kidogo chini ya paa la bati, chenye mashine kadhaa na wachezaji waliosongamana, hukamilisha tatizo.

Kupima joto ni rahisi. Programu ya bure kama HWiNFO huonyesha nyuzi joto za prosesa na za kadi ya michoro wakati gemu likiendelea. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikaribia hapo hujipunguzia kasi ili zisiungue, na joto likizidi kupanda hujizima. Mashine inayokaa chini ya nyuzi 85 katika gemu zito haina sababu ya kushukiwa kwa joto. Asiye na programu hiyo anaweza kufungua ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya mezani ndani yake, kisha acheze gemu lilelile. Mashine ikiacha kuganda, chanzo kimekaribia kuthibitika.

Usafishaji nao una kanuni zake, na kuzikiuka huzaa uharibifu mpya. Mashine huzimwa, waya wa umeme huchomolewa, na kitufe cha kuwashia hubonyezwa kwa sekunde kadhaa ili umeme uliosalia utoke. Vumbi hupulizwa kwa blowa nje ya chumba, huku kila feni ikishikiliwa kwa kidole isizunguke, kwa kuwa kuizungusha kwa kasi ya upepo huo huweza kuharibu beringi zake. Pawa saplai haifunguliwi na mtu asiye fundi, kwa maana kapasita zake, yaani vijenzi vinavyohifadhi chaji, hubeba takribani volti 325 na huweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Ikiwa joto halishuki baada ya vumbi kuondolewa, hitisinki huvuliwa na pesti ya kupitisha joto kati yake na prosesa, ambayo hukauka kadiri miaka inavyopita, hufutwa na kuwekwa nyingine, kiasi kidogo tu.

Umeme ndio mtuhumiwa wa pili, na katika miji ya machimbo hustahili uzito uleule. Umeme wa nyumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, unaobadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde, hivyo kila mzunguko huchukua milisekunde 20. Mota kubwa ya karasha inapowashwa moja kwa moja huvuta, kwa muda mfupi, mkondo unaoweza kufikia mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida, na nyumba zilizo kwenye laini hiyohiyo hushuhudia taa zikififia. Pawa saplai nzuri imebuniwa kustahimili kukatika kwa umeme kwa takribani milisekunde 16 tu, muda usiotimiza hata mzunguko mmoja, na iliyozeeka hustahimili muda mfupi zaidi. Mashine iliyotulia huweza kuvuka mtikisiko huo bila mtu kutambua. Mashine inayocheza gemu, ambayo huitisha nguvu nyingi, huganda au hujiwasha upya. Umeme ukiwa mdogo kwa muda mrefu madhara ni mengine: ili kutoa nguvu ileile, pawa saplai kwenye volti 170 hulazimika kuvuta mkondo mkubwa kwa takribani theluthi moja kuliko kwenye volti 230, nayo hupata moto na kuchakaa kabla ya wakati wake.

Jaribio linalofaa ni kucheza gemu lilelile mchana makarasha yakisaga, kisha usiku wa manane mzigo wa laini ukiwa umepungua, na kulinganisha. Ikithibitika kwamba umeme ndio chanzo, tofauti ya vifaa vya kinga ieleweke: stabilaiza hupandisha au kushusha volti lakini haiwezi kuziba pengo la umeme uliokatika, wakati UPS, yenye betri ndani yake, huziba pengo hilo. Ukubwa wa UPS husomwa kwa uangalifu, kwa sababu ile iliyoandikwa volti-ampea 650 kwa kawaida hutoa chini ya wati 400. Waya wa ardhini nao usipuuzwe, hasa katika ukanda wa Ziwa Viktoria ambao ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na wakati wa ngurumo kinga ya uhakika ni kuchomoa waya ukutani.

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kama mitumba zilianza maisha yake katika ofisi, na hapo huzaliwa kosa jingine. Mashine ndogo ya ofisi huweza kuja na pawa saplai ya wati 240 tu, inayotosha kazi za ofisi. Mnunuzi akiiongezea kadi ya michoro huvuka hesabu bila kujua. Nafasi ya kuchomekea kadi kwenye ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, hutoa wati 75 zisizozidi. Kadi kama GeForce GTX 1650 ya kawaida hutosheka na kiasi hicho, ilhali GTX 1060 huhitaji wati 120 na waya wake wa ziada. Kabla ya kununua kadi, lebo ya pawa saplai isomwe, kwa maana kadi nzima kabisa ikilishwa umeme pungufu huganda sawasawa na kadi mbovu.

Baada ya joto na umeme hufuata RAM na diski. Vipande vya RAM huvuliwa, miguu yake ya dhahabu husuguliwa taratibu kwa ufutio safi, kisha mashine hujaribiwa kwa kipande kimoja baada ya kingine, ili kibovu kijitenge; Windows yenyewe ina kipimo cha RAM kinachofunguliwa kwa kuandika mdsched. Mashine yenye gigabaiti 4 isiyo na kadi ya michoro ya pekee hugawana RAM hiyo kati ya mfumo, gemu na picha, na ikizidiwa huhamishia mzigo kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno kuliko RAM, ndipo picha husimama na kuendelea. Diski yenye sekta zilizokufa hutoa dalili inayofanana, na programu ya CrystalDiskInfo huonyesha hali yake. Ikisema diski iko mashakani, jambo la kwanza ni kunakili mafaili ya kazi na masomo mahali pengine kabla ya jaribio lolote.

Programu huchunguzwa mwishoni, ingawa haina hatia nyakati zote. Draiva ya kadi hupakuliwa kutoka kwa mtengenezaji wake, na magemu yaliyovunjwa kinga, ambayo husambaa kwa fleshi kutoka mkono hadi mkono, hukaguliwa kwa antivairasi, kwa kuwa baadhi huficha programu zinazotumia prosesa kwa siri. Kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, jambo linaloongeza haja ya uangalifu huo. Kupiga Windows upya hubaki kuwa hatua halali pale hatua nyingine zote zilipokwisha kupimwa.

Katika hatua zote hizo kanuni ni moja: hubadilishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa gemu lilelile, na matokeo huandikwa. Atakayesafisha vumbi, kubadilisha RAM na kupiga Windows siku moja huenda akaondoa tatizo, lakini hatajua kilicholiondoa, na likirudi ataanza upya kwa gharama zilezile. Kwa hiyo mwenye kompyuta ana haki ya kudai uthibitisho kabla ya kutoa fedha ya kifaa kipya: pawa saplai nzima ya fundi ichomekwe kwa muda, gemu lichezwe mbele yake, na mashine ionekane haigandi. Fundi anayefanya hivyo anastahili kulipwa kwa uchunguzi wake hata pasipo kifaa chochote kilichouzwa, na pale wateja wa Buseresere watakapozoea kulipia uchunguzi huo, fedha nyingi zinazopotelea kwenye vifaa visivyohitajika zitabaki mikononi mwa wenyewe.