Sauti ya chini si lazima iwe nyororo

Na Mwandishi Wetu

SAUTI nyororo ni sifa ambayo waandishi wa habari za burudani huwapa waimbaji mara kwa mara. Hata hivyo, baadhi yao huikosea mara mbili: kwanza katika maana, kisha katika upatanisho wa kisarufi.

Kiini cha neno hili ni kivumishi -ororo, chenye maana ya laini. Hutaja kile ambacho mkono hukipapasa bila kukwaruzwa, kama vile ngozi ya mtoto mchanga au kitambaa cha hariri. Kutoka mkononi, maana hiyo huhamishiwa sikioni: sauti nyororo ni ile isiyokwaruza masikio.

Hapo ndipo inapotofautiana na sauti ya chini. Neno 'chini' hupima kiasi cha sauti, ilhali 'nyororo' hueleza jinsi ilivyo. Mnong'ono wa mtu aliyekaukwa na sauti kwa mafua ni wa chini, lakini hukwaruza. Kwa upande mwingine, sauti ya muadhini hodari hufika mbali na bado ikawa nyororo. Ndiyo maana anayekerwa na redio ya jirani huomba ipunguzwe sauti. Haombi iwe nyororo.

Wala kukosa sifa hiyo si dosari. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki dunia mwaka 2013, alifahamika kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, na mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX. Kuiita sauti yake nyororo ni kumnyang'anya kile kilichomtambulisha, na ni kumpotosha msomaji ambaye hajawahi kumsikia.

Kosa la pili hutokana na mazoea. Kwa kuwa umbo 'nyororo' ndilo linalosikika zaidi, wapo wanaolibandika kwa kila nomino na kusema 'muziki nyororo' au 'kitambaa nyororo'. Umbo hilo hupatana na nomino za ngeli ya I-ZI, kama sauti na ngozi, pamoja na wingi wa U-ZI, kama nyuzi na nyimbo. Kwingineko kiambishi hubadilika: muziki mwororo, uzi mwororo, kitambaa kiororo, vitambaa viororo. Hali yenyewe ya kuwa laini huitwa wororo.

Kabla ya kuandika 'nyororo', basi, mwandishi hana budi kujiuliza maswali mawili: je, sauti hiyo ni laini au ni ya chini tu? Na je, nomino inayosifiwa ni ya ngeli gani?