Wengi Wape, Lakini Si Dhamiri



Wazee walisema, "Wengi wape." Ni neno jema. Wengi wakiamua kwamba njia itafyekwa Jumamosi, nawe chukua jembe lako uende. Lakini yako mambo ambayo hatuwezi kuwapa wengi, maana si mali yetu. Sikilizeni habari za mkulima mmoja.

Franz Jägerstätter alizaliwa mwaka 1907 katika kijiji cha St. Radegund, nchi ya Austria. Alilima shamba lake, akalea watoto pamoja na mkewe Franziska, tena akawa mtunza sakristia wa kanisa la kijijini. Mwaka 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria, na tarehe 10 Aprili watu wakaitwa kupiga kura ya kuukubali utawala huo. Kijijini kwake Franz peke yake alikataa. Matokeo yalipotangazwa, ikasemwa kwamba kijiji kizima kimekubali! Kura yake ilifichwa.

Kisha akaitwa vitani. Franz alikuwa tayari kuwahudumia majeruhi, lakini kumpigania Hitler hakukubali, maana aliona vita ile ni dhuluma. Jamaa na majirani walimsihi. Hata Baba Askofu alimkumbusha wajibu wake kwa mke na watoto. Franz hakumtukana mtu wala hakuwahukumu waliokwenda. Alisali, akataka shauri, akapima, akabaki na neno lake. Mwezi wa Machi mwaka 1943 alifika kambini akakataa waziwazi. Tarehe 9 Agosti mwaka ule alikatwa kichwa huko Brandenburg, akiwa na umri wa miaka 36.

Na Franziska je? Mwanzoni yeye naye alimsihi mumewe akubali. Lakini alipoona kwamba wote wamemwelemea, akasimama upande wake. Baadaye alieleza kwamba kama naye angemwacha, Franz hangekuwa na mtu yeyote. Vita ilipokwisha, wengi kijijini walimlaumu mjane huyo, na malipo ya wajane wa vita alinyimwa mpaka mwaka 1950. Tarehe 26 Oktoba 2007, Franz alipotangazwa Mwenye Heri mjini Linz, Franziska alikuwapo, bibi wa miaka 94.

Pengine utasema, "Huyo ni mfiadini, mimi ni mtu wa kawaida." Basi sikia na hili. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Solomon Asch, huko Marekani, aliwaonyesha watu mistari, akawauliza upi unalingana na upi. Mtoto angeweza kujibu. Lakini aliwapanga wengine kimya kimya wajibu uongo kwa pamoja. Yule mmoja asiyejua hila hiyo, katika kila majibu matatu, karibu moja alifuata uongo wa wenzake, ingawa macho yake yaliona kweli. Lakini alipowekewa mwenzi mmoja tu msema kweli, makosa yalipungua yakabaki kama robo.

Mwenzi mmoja tu! Ndiyo kazi aliyoifanya Franziska, na kazi hiyo sisi sote twaiweza.

Fikiri juu ya kikao cha kijiji. Mama mzee mjane anashtakiwa uchawi, kwa sababu macho yake ni mekundu na mtoto wa jirani amekufa. Wote wananguruma. Kijana mmoja anasimama kwa woga, anasema, "Ndugu zangu, macho hayo ni ya moshi wa jikoni." Wanamzomea. Hapo wewe unatazama chini, ukijisemea moyoni kwamba kijana amesema kweli. Kesho utamwambia hivyo faraghani. Lakini kesho pengine nyumba ya mama yule ni majivu.

Wengine husema, "Kifo cha wengi arusi." Lakini dhamiri haina wengi: kila mtu atajibu kwa jina lake. Kama huna moyo wa kusimama wa kwanza, basi uwe wa pili. Inuka ukaketi karibu na kijana yule, useme, "Nami naona hivyo."